Takwimu za mchezo wa mpira wa kikapu

Takwimu za mchezo wa mpira wa kikapu ni hesabu ya matukio ya mchezo mmoja, yakiandikwa kwa kila mchezaji na kwa timu nzima. Huonyesha nani alicheza dakika ngapi, alitupa mpira kikapuni mara ngapi, uliingia mara ngapi, aliokota mipira mingapi iliyokosa kikapu, alitoa pasi ngapi zilizozaa pointi, alipoteza mpira mara ngapi na alifanya faulo ngapi. Katika ligi za kulipwa takwimu hizo huingizwa kwenye kompyuta mchezo ukiendelea, na filimbi ya mwisho inapolia jedwali huwa tayari: kila mchezaji ana mstari wake, na chini kabisa kuna mstari wa jumla ya timu.

Takwimu zisichanganywe na karatasi rasmi ya mchezo inayojazwa mezani. Karatasi hiyo, kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), huandika pointi zinavyopanda, faulo za kila mchezaji na za timu, na mapumziko yaliyoombwa na makocha. Haiandiki ribaundi, pasi wala bloku. Mchezo unaweza kuwa na karatasi rasmi iliyosainiwa na waamuzi na bado usiwe na takwimu hata moja zaidi ya pointi na faulo. Katika mashindano mengi ya shule na mitaa Afrika Mashariki ndivyo ilivyo.

Historia kwa ufupi

Mchezo wenyewe ulibuniwa na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Mechi ya kwanza iliisha 1–0, hivyo takwimu zake zote zingetosha kwenye mstari mmoja. Kwa miaka mingi baadaye walioandika walijali pointi na faulo tu.

Hata NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilichukua muda mrefu kuandika mengine. Bloku na mipira iliyopokonywa ilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973–74, na msimu huohuo ribaundi zikagawanywa kuwa za kushambulia na za kujilinda. Mipira iliyopotezwa na kila mchezaji ilianza kuandikwa msimu wa 1977–78. Mtupo wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979 na katika kanuni za FIBA mwaka 1984.

Matokeo yake ni kwamba Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 na Boston Celtics na kusifiwa zaidi kwa kuzuia mitupo, hana hata bloku moja katika kumbukumbu rasmi, kwa sababu alistaafu mwaka 1969. Msomaji anayelinganisha wachezaji wa zama mbili kwa kutumia jedwali peke yake anapaswa kwanza kuuliza ni nini kilikuwa kikihesabiwa wakati ule.

Kusoma mstari wa mchezaji

Mstari huanza na dakika. Wengi huziruka na kukimbilia pointi, ingawa dakika ndizo zinazoipa maana kila namba inayofuata. Pointi 8 katika dakika 12 si sawa na pointi 8 katika dakika 38.

Baada ya dakika huja mitupo, ikiandikwa kwa namba mbili, iliyoingia na iliyotupwa. Mitupo ya kawaida hujumlisha ya pointi mbili na ya pointi tatu, kisha ya pointi tatu hurudiwa pembeni peke yake. Mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, ina safu yake. Mchezaji akifanyiwa faulo wakati anatupa na mpira usiingie, jaribio hilo halihesabiwi kama mtupo uliokosa. Hupewa mitupo huru tu. Mpira ukiingia, kikapu huhesabiwa na mtupo mmoja huru huongezwa.

Ribaundi ni mpira unaochukuliwa baada ya mtupo kukosa. Ikichukuliwa chini ya kikapu cha wapinzani ni ya kushambulia, na timu hupata nafasi ya pili. Ikichukuliwa upande wa nyumbani ni ya kujilinda. Mpira ukikosa na kutoka nje bila mtu kuudaka, ribaundi huandikwa kwa timu inayopewa mpira, si kwa mchezaji. Ndiyo sababu jumla ya ribaundi za timu mara nyingi huzidi jumla ya wachezaji wake, na wanafunzi wanaodhani jedwali limekosewa hawana haja ya kuhangaika.

Asisti ni pasi inayomwezesha mwenzako kufunga moja kwa moja. Hapa ndipo penye ubishi zaidi, kwa kuwa mwandishi wa takwimu ndiye anayeamua kama aliyepokea alifunga kwa sababu ya pasi au kwa juhudi zake mwenyewe. Waandishi wawili waliokaa meza moja wanaweza kutofautiana. Bloku ni kuugusa mtupo wa mpinzani ukazuiwa usiingie. Kwa aliyetupa huhesabiwa kuwa mtupo uliokosa. Kupokonya ni kuchukua mpira kutoka kwa mpinzani aliyekuwa nao au kunasa pasi yake. Kila aliyepokonywa huandikiwa mpira uliopotea, lakini si kila mpira uliopotea umepokonywa na mtu: kukanyaga mstari, kutembea na mpira au kupitisha sekunde 24 bila kutupa navyo ni kupoteza.

Safu ya mwisho katika majedwali ya siku hizi ni tofauti ya uwanjani, yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Si kitu alichofanya mchezaji. Ni hesabu ya pointi timu yake ilizopata ukitoa ilizofungwa kwa muda wote aliokuwa uwanjani. Mchezaji anaweza kufunga 20 na kuwa na −11, na mwingine asifunge kitu akawa na +14.

Hesabu zinazopaswa kulingana

Jedwali zuri hujikagua lenyewe. Chukua usiku wa 2 Machi 1962 huko Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alipofunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks katika mchezo ulioisha 169–147. Aliingiza mitupo ya kawaida 36 kati ya 63 na mitupo huru 28 kati ya 32. Mtupo wa pointi tatu haukuwepo NBA wakati huo, hivyo 36 mara 2 ni 72, ukiongeza 28 unapata 100. Namba hizo zinafunua jambo lingine pia: Chamberlain alikuwa dhaifu katika mitupo huru, wastani wa maisha yake ukiwa asilimia 51 hivi, lakini usiku ule alipata asilimia 87.5. Rekodi ilijengwa na kitu alichokuwa akikosea karibu nusu ya mara.

Kobe Bryant alifunga 81 kwa Los Angeles Lakers dhidi ya Toronto Raptors tarehe 22 Januari 2006. Mitupo ya kawaida ilikuwa 28 kati ya 46, ikiwamo ya pointi tatu 7 kati ya 13, na mitupo huru 18 kati ya 20. Vikapu 21 vya pointi mbili ni 42, vikapu 7 vya pointi tatu ni 21, na mitupo huru 18. Jumla 81.

Dakika nazo hukaguliwa. Mchezo wa FIBA una robo nne za dakika 10, na kila timu ina watu watano uwanjani, hivyo dakika za wachezaji wote wa timu lazima zifike 200. Katika NBA, yenye robo za dakika 12, ni 240. Kila kipindi cha nyongeza cha dakika 5 huongeza 25. Tofauti za uwanjani za wachezaji wote wa timu, zikijumlishwa, lazima ziwe mara tano ya tofauti ya matokeo.

Mfano wa Kigali, 2021

Tarehe 16 Mei 2021 Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika (BAL) ilifunguliwa katika ukumbi wa Kigali Arena, Rwanda, kwa mchezo wa wenyeji Patriots na Rivers Hoopers ya Nigeria. Patriots walishinda 83–60. Kwa kanuni iliyotajwa hapo juu, tofauti za uwanjani za wachezaji wa Patriots lazima zifike +115 na za Rivers Hoopers −115, kwa kuwa pengo lilikuwa pointi 23.

Magazeti ya dunia yaliuzungumzia mchezo huo kwa sababu ya mtu mmoja, mwanamuziki wa Marekani J. Cole, aliyesajiliwa na Patriots. Mstari wake ulisomeka pointi 3, ribaundi 3 na asisti 2 katika dakika 18 hivi. Alitumia karibu asilimia 9 ya dakika 200 za timu na kuleta asilimia 3.6 ya pointi zake. Jina lake lilijaza vichwa vya habari, lakini jedwali lilimwandika alivyocheza: mchezaji wa akiba wa kawaida katika timu iliyoshinda kwa nguvu za wengine. Hiyo ni kazi mojawapo nzuri ya takwimu. Haijali umaarufu wa mtu.

Kufunga na kufunga vizuri

Tuchukue mfano wa kubuni wa timu mbili za mtaani, moja ya Mabibo na nyingine ya Kigogo, jijini Dar es Salaam. Mchezaji wa kwanza wa Mabibo amefunga 18: mitupo ya kawaida 7 kati ya 22, ikiwamo ya pointi tatu 1 kati ya 8, na mitupo huru 3 kati ya 4. Wa pili amefunga 11: mitupo 4 kati ya 6, ikiwamo ya pointi tatu 1 kati ya 2, na mitupo huru 2 kati ya 2. Jioni mtaani watu watamsifu wa kwanza.

Asilimia ya mitupo ya kwanza ni 31.8 na ya pili 66.7. Lakini asilimia hiyo ina kasoro, maana inakihesabu kikapu cha pointi tatu sawa na cha pointi mbili. Kwa hiyo hutumika asilimia ya mitupo iliyorekebishwa: vikapu vyote, ongeza nusu ya vikapu vya pointi tatu, kisha gawa kwa mitupo yote. Wa kwanza anapata 7.5 kwa 22, yaani asilimia 34.1. Wa pili anapata 4.5 kwa 6, yaani 75. Wa kwanza alikosa mara 15, na nyingi kati ya hizo ziliwapa Kigogo mpira.

Hata hivyo tusiwe wepesi kumhukumu. Huenda wa kwanza ndiye aliyepewa mpira kila sekunde 24 zilipokaribia kuisha na hakuna mwingine aliyetaka kutupa. Huenda wa pili alifunga kirahisi kwa sababu walinzi wawili walikuwa wamemzonga mwenzake. Jedwali halisemi.

Takwimu za timu

Jumla ya timu husomwa kama ya mchezaji, lakini ina swali lake: timu ilipata zamu ngapi za kushambulia, na ilizitumiaje? Timu inayokimbia hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Inayotembeza mpira polepole hufunga chache na kufungwa chache. Kulinganisha pointi tupu za timu hizo mbili ni kama kulinganisha alama za mtihani wenye maswali 50 na wenye maswali 80 bila kuzigeuza kuwa asilimia.

Zamu hukadiriwa hivi: mitupo ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotea, ongeza mitupo huru mara 0.44. Ribaundi ya kushambulia hutolewa kwa sababu haianzishi zamu mpya, inaendeleza ileile. Namba 0.44 hutumika kwa sababu mitupo huru huja miwili au mitatu kwa pamoja, au mmoja baada ya kikapu, hivyo si kila mmoja hukamilisha zamu. Tukisema timu yetu ya Mabibo ilitupa mara 62, ikapata ribaundi za kushambulia 10, ikapoteza mpira mara 14 na kupata mitupo huru 20, zamu zake ni 62 − 10 + 14 + 8.8, yaani kama 75. Ikiwa ilifunga 69, ilipata pointi 92 kwa kila zamu 100.

Mwanatakwimu wa Marekani Dean Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu mchezo huu, alitaja mambo manne yanayoamua ushindi: ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, ribaundi za kushambulia, na kupata mitupo huru. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Kocha mwenye muda mchache baada ya mchezo anaweza kuangalia manne hayo kwa timu zote mbili, na mara nyingi ataona mchezo ulipoamuliwa.

Hasheem Thabeet na mipaka ya takwimu

Hakuna Mtanzania ambaye takwimu zimempandisha na kumshusha kama Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma Makongo, na akaanza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Akiwa na urefu wa meta 2.21 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wa 2008–09, wa mwisho kwake chuoni, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo.

Wastani huo ulificha tofauti kubwa. Tarehe 14 Februari 2009, dhidi ya Seton Hall, alipata pointi 25, ribaundi 20 na bloku 9. Siku mbili baadaye alikutana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, chenye DeJuan Blair, mfupi kuliko yeye lakini mpana na mwenye nguvu. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh wakashinda 76–68. Mwalimu yeyote aliyewahi kujaza ripoti za wanafunzi anajua kwamba 90 na 30 hutoa wastani wa 60, na 60 hiyo haimwelezi mtoto yeyote.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet wa pili katika usajili wa wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Blair alichaguliwa wa 37. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Msimu wa kwanza alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13.0, pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Februari 2010 alipelekwa kwa muda Dakota Wizards ya ligi ya chini. Kwa jumla ya michezo 224 ya NBA wastani wake ni pointi 2.2, ribaundi 2.7 na bloku 0.8, na wengi Marekani humtaja kama chaguo lililoshindwa.

Namba hizo ni za kweli, ila zinahitaji kusomwa pamoja na dakika. Bloku 1.3 katika dakika 13 ni sawa na 3.6 kwa dakika 36, kiwango kisicho mbali na cha chuoni. Kazi aliyoijua zaidi aliendelea kuifanya. Wala tusivutike kupita kiasi upande huo: anayecheza dakika 13 mara nyingi hukutana na wachezaji wa akiba, na hakuna uhakika kwamba angekaa uwanjani dakika 36 bila kuchoka au kutolewa kwa faulo. Kukuza dakika chache kuwa nyingi ni makadirio, si tukio lililotokea. Na mtupo ambao mpinzani ameghairi kuutupa kwa kuuona mkono wa mtu wa meta 2.21 hauandikwi kwa faida ya yeyote.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Thabeet Houston Rockets, pamoja na Demarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji mpya, wakampata Shane Battier na Ish Smith. Battier alikuwa kinyume chake kabisa. Wastani wake wa maisha haukufika pointi 9, na miaka miwili kabla, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameandika makala maarufu katika jarida la New York Times kumhusu, akieleza kwamba mstari wake haukuonyesha kitu ilhali timu yake ilicheza vizuri zaidi kila alipokuwa uwanjani. Alimlazimisha mfungaji hatari kutupa kutoka mahali asipopapenda. Katika jedwali hilo huonekana kama mtupo uliokosa wa mpinzani, basi.

Miezi miwili baadaye Memphis, waliokuwa wa nane katika kanda ya Magharibi, waliwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza, kwa michezo 4–2. Mchezo wa kwanza uliisha 101–98, na mtupo wa pointi tatu wa Battier ndani ya nusu dakika ya mwisho ndio uliowapa uongozi wa ushindi.

Kutunza takwimu kwenye viwanja vya mitaani

Kijana anayecheza Mabibo, Temeke au Kinondoni akitafuta nafasi ya masomo nje kupitia michezo huulizwa video na namba. Kama hazikuwahi kuandikwa, mfungaji ana ushahidi walau wa pointi kwenye karatasi rasmi. Mlinzi na mwokota ribaundi hawana chochote. Hasara hiyo inaweza kuzuiwa kwa gharama ya daftari na kalamu.

Watu wawili wanatosha kwa timu moja. Mmoja hatoi macho uwanjani na hutaja namba ya jezi na tukio, mwingine haangalii mchezo bali huandika. Mtu mmoja akijaribu yote mawili atakosa ribaundi kila anapoinamisha kichwa. Ukurasa hugawanywa kwa mistari ya wachezaji na safu za mitupo ya pointi mbili, ya pointi tatu, mitupo huru, ribaundi za aina mbili, asisti, bloku, kupokonya, kupoteza na faulo. Mtupo ulioingia huwekwa duara, uliokosa mkwaju mtupu. Muda wa kuingia na kutoka kwa kila mchezaji huandikwa pembeni pamoja na matokeo ya wakati huo, na kutokana na hapo dakika na tofauti ya uwanjani hupatikana baadaye kwa kutoa na kujumlisha.

Daftari likaguliwe kabla watu hawajatawanyika, wakati bado kuna wanaokumbuka. Pointi za wachezaji zilingane na karatasi ya mezani, dakika zifike 200 ikiwa zilichezwa robo za dakika 10, na bloku za timu moja zisizidi mitupo iliyokosa ya nyingine. Asisti zisizidi vikapu vya kawaida, maana kikapu kimoja hakina asisti mbili.